Kuvua kambare kwa mshipi ukiwa ukingoni: Mtera, Hombolo na maji mengine ya Dodoma

Siku yangu ya kwanza Mtera nilirusha ndoano mbali kadiri mkono ulivyoweza, na kila nilipovuta, chambo kilirudi kama kilivyokwenda. Nyuma yangu, juu kidogo kwenye mwamba, alikuwa ameketi mzee mmoja na mshipi wake umezungushwa kwenye chupa ya maji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, unawaruka. Kambare wako hapo kwenye nyasi. Rudi nyuma, kaa chini, tulia."

Nilirudi nyuma hatua kama kumi, nikatupa ndoano pale nilipokuwa nimesimama. Kabla jua halijazama nilikuwa na kambare wawili kwenye kiroba, na yeye watano. Tangu siku hiyo sijaona sababu ya kubadili alichonifundisha, na mwongozo huu wote umesimama juu ya maneno yake: kambare huja ukingoni mwenyewe, na anayekaa mbali na maji ndiye anayempata. Ndiye pia anayerudi nyumbani salama, maana Mtera kuna mamba.

Mjue unayemtafuta

Kambare ni samaki wa chini. Kichwa chake kipana na bapa kimeumbwa kwa kupita juu ya tope, na mdomo unapekua vilivyolala sakafuni. Ana ndevu nane, na kila mtu anaujua usemi wa nyumba ya kambare, baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu. Kwa mvuvi ndevu hizo ndizo habari yenyewe. Macho ya kambare ni madogo na maji yetu yana tope, kwa hiyo chakula anakitafuta kwa kunusa na kupapasa. Chambo kinachong'aa hakimsaidii. Chambo chenye harufu kinamwita kutoka mbali.

Jambo la pili ni pumzi. Juu ya matamvua ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anaishi kwenye madimbwi yenye tope kama yale ya Bahi maji yanapokaribia kukauka, mahali ambapo samaki wengine wameshakufa. Ukitulia ukingoni utamwona: mdomo unatokeza ghafla, anameza hewa, anageuka, anazama na kuacha mapovu. Ukiona hivyo mara mbili au tatu sehemu moja, hapo ndipo pa kutupa.

Chagua mahali, na usome kimo cha maji

Bwawa la Mtera liko mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwenye mto Ruaha Mkuu, na barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu ya tuta lake. Lilijengwa kutunza maji ya kuzalisha umeme, kwa hiyo kimo chake hupanda na kushuka, kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mita nane na nusu zinaonekana chache, lakini sehemu kubwa ya ukingo ni tambarare, na maji yakishuka mita moja tu yanarudi nyuma umbali mrefu sana. Mahali ulipovua mwezi wa tano unaweza kupakuta mwezi wa kumi na moja ni pakavu, mbuzi wanalisha.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Maji yanapopanda na kufunika nyasi, kambare wanafuata. Kwenye nyasi hizo kuna wadudu, vyura na minyoo iliyotolewa ardhini, na huko ndiko wanakotagia mayai. Huu ndio wakati ambao maji yanayofika magotini yanaweza kuwa na samaki mkubwa kuliko kilindi. Tafuta mahali kijito kinapoingiza maji ya tope bwawani. Maji yakichafuka hivyo, kambare anakula hata saa sita mchana.

Kiangazi mambo hubadilika. Maji yanaporudi nyuma, kambare huhamia kwenye mikondo ya zamani, kandokando ya mawe na kwenye visiki. Mtera ina miti mingi iliyokufa ikiwa imesimama majini, na samaki wanaipenda, lakini inakula ndoano. Tupa pembeni mwa mti, kamwe si katikati ya matawi. Upepo nao ni msaada. Kiangazi upepo wa kwetu hupiga sana mchana, na takataka na wadudu hukusanyikia upande unaopigwa. Watu wengi huukimbia upande huo kwa sababu ya mawimbi. Mimi huufuata.

Hombolo, takriban kilomita 40 kutoka mjini, ni bwawa dogo na ni pazuri kwa kujifunzia. Maji yake yana chumvichumvi, jambo linalokula ndoano zako kwa kutu, nitalirudia mwishoni.

Kabla hujaondoka nyumbani, uliza. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni kwa uvuvi, na kuna vipindi ambavyo bwawa hufungwa ili samaki wazaliane. Afisa uvuvi wa eneo au viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi ufukweni, watakueleza kinachoruhusiwa na wapi. Karibu na ukuta na mitambo usikae kabisa, hilo ni eneo la ulinzi.

Vifaa

Huhitaji fimbo ya dukani. Chukua mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.6, mita 50. Chukua chupa ya maji ya lita moja, jaza mchanga hadi robo ili isiruke na upepo, uzungushie mshipi kuanzia chini, zamu kwa zamu bila kupishana. Ukirusha, shika shingo ya chupa na elekeza kitako chake majini. Mshipi utafunguka wenyewe.

Ndoano ni namba 7 hadi 10. Kumbuka kwamba namba ikikua ndoano inapungua, wengi wanaoanza huchanganyikiwa hapo dukani. Ndoano nene kidogo ni bora, maana mdomo wa kambare ni mgumu na ndoano nyembamba hunyooka.

Kizito cha kuzamisha, yaani chubwi, unaweza kununua cha risasi. Lakini pita kwa fundi wa bodaboda, muombe plagi zilizokufa na nati kuukuu. Plagi moja inatosha kushika chini kwenye maji yaliyotulia, na ikinasa kwenye kisiki hujapoteza fedha. Chukua kumi.

Vingine: shanga chache ngumu zenye tundu dogo, uzi wa cherehani, kisu, kitambaa kikavu, kiroba cha salfeti, kopo tupu la soda, tochi ya kichwani na buti za mpira.

Kufunga mtego wa chini

Hapa ndipo palipo na siri, nami nataka upaelewe vizuri. Kambare akiokota chambo hakimezi papo hapo. Anakibeba mdomoni, anasogea nacho. Akihisi kinavutwa na kitu kizito, anakitema. Kwa hiyo kizito kisifungwe moja kwa moja kwenye mshipi. Kiachwe kiteleze, samaki aondoke na uzi huku plagi imebaki imelala.

1. Pinda waya mwembamba uwe kipete kidogo. Chukua uzi wa cherehani, kunja mara mbili, ufunge plagi kwa urefu wa kidole, na mwisho wake ufunge kwenye kipete. Uzi huu lazima uwe dhaifu kuliko mshipi. Plagi ikinasa, uzi wa cherehani unakatika, unapoteza plagi tu, samaki na ndoano unabaki navyo.

2. Pitisha mshipi mkuu ndani ya kipete, kisha ndani ya shanga. Kipete sasa kinatembea juu na chini ya mshipi.

3. Mwisho wa mshipi, chini ya shanga, kunja kitanzi na ukifunge kwa fundo la kawaida, lakini zungusha mara mbili kabla ya kukaza. Fundo linazuia shanga, shanga inazuia kipete.

4. Kata kipande kingine cha nailoni, sentimita 40. Upande mmoja funga kitanzi. Upande wa pili funga ndoano hivi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uurudishe, uzungushe juu ya uzi mkuu mara tano au sita, kisha ncha irudi ipite kwenye kijitundu kilichobaki jirani kabisa na ndoano. Kabla hujakaza, lowesha fundo kwa mate. Vuta polepole. Utaona mizunguko inajipanga na kulala pamoja kama springi ya kalamu. Ukikaza kavu, nailoni inapata joto na kudhoofika, na fundo litakatikia pale pale samaki mkubwa atakapogeuka.

5. Unganisha kitanzi kwa kitanzi: kitanzi cha mshipi mkuu kipite ndani ya kitanzi cha kipande cha ndoano, kisha ndoano ipite ndani ya kitanzi cha mshipi, vuta. Ukiharibu ndoano, unabadilisha kipande hicho tu. Tengeneza vipande sita nyumbani, uvizungushe kwenye kadibodi. Gizani vidole havifungi vizuri.

Ndoano moja inatosha. Nimeona watu wakifunga tatu au nne kwenye mshipi mmoja. Kambare mmoja akinasa, zile nyingine zinashika visiki au zinamchoma anayemtoa.

Chambo

Chaguo langu la kwanza ni maini, ya ng'ombe au mbuzi. Yanatoa damu taratibu na kambare anayasikia. Ubaya wake ni kulainika. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nyunyizia chumvi, yaanike juani nusu saa mpaka ngozi ya juu ikaze. Ukiweka kwenye ndoano, zungushia uzi wa cherehani mara saba au nane, huna haja ya fundo. Bila uzi huo, perege wadogo watakudonoa mpaka ubaki na chuma kitupu.

Utumbo wa kuku unafuata, na ni rahisi kupata. Asubuhi nenda kwa wachinjaji wa kuku sokoni Majengo na ndoo yenye mfuniko. Uache kivulini siku moja uchache kidogo, harufu ikolee. Usiuache siku tatu. Ukioza kabisa unakatika kwenye ndoano.

Nyungunyungu ni kazi kuwapata Dodoma wakati wa kiangazi. Chimba maji ya kuogea yanapomwagikia, kwenye bustani ya mchicha, au chini ya samadi yenye unyevu pembeni mwa zizi. Watunze kwenye kopo lenye udongo uleule, wenye unyevu bila kulowa. Watunge watatu au wanne kwa ndoano moja na uache mikia ichezecheze.

Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi, acha vyote hivyo. Usiku huo kila samaki yuko juu anawala, na kesho yake kambare bado ana ladha yake mdomoni. Okota chini ya taa, ng'oa mabawa, funga wengi kwa uzi wawe donge.

Kuna wanaotumia vipande vya sabuni ya mche, na sabuni inavua kweli, hasa kwa wenye migonzo ya ndoano nyingi, kwa sababu haidonolewi na samaki wadogo. Kwa ndoano moja ukingoni, maini yanaishinda.

Sasa chakula cha kuwaita. Mkoa wetu na Singida tumejaaliwa alizeti, na mashudu yapo kila penye mashine ya kukamua. Changanya mashudu kilo mbili, pumba za mahindi kilo moja na maji ya bwawa kidogo kidogo mpaka yashikane. Ukiwa na damu ya machinjioni, itumie badala ya maji. Finyanga madonge ya ukubwa wa chungwa. Tupa manne mahali pamoja kabla ya kufunga ndoano ya kwanza, na moja kila nusu saa. Donge zuri linazama zima kisha linamomonyoka chini. Likisambaratika juu ya maji, ongeza mashudu. Likibaki gumu kama jiwe, ongeza pumba. Jaribu moja miguuni kwako uone.

Kutupa na kungoja

Tupa mita nane hadi kumi na tano, basi. Kama nyasi zinaanzia karibu zaidi, tupa pembeni mwa nyasi hata iwe mita nne. Acha kizito kifike chini, vuta ulegevu polepole, kisha rudi nyuma. Chomeka kijiti chenye panda, pitisha mshipi juu yake, na juu ya mshipi ning'iniza kopo la soda lenye kokoto tatu ndani. Acha mshipi wa ziada umelala chini kama mita mbili, bila fundo, ili kambare aondoke huru.

Kaa. Nyayo zinasikika majini kuliko sauti ya mazungumzo, kwa hiyo ongea ukitaka lakini usitembee-tembee. Tochi isimulike maji.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na moja jioni na tena alfajiri mpaka saa mbili asubuhi. Kambare anakula sana usiku, hilo ni kweli, lakini Mtera sivui usiku wala sikushauri. Giza likianza kuingia, nakunja mshipi.

Akigusa

Kopo litalia mara moja, litanyamaza. Usiguse. Hao mara nyingi ni perege, au kambare anapapasa kwa ndevu. Ukivuta sasa unamnyang'anya. Subiri mpaka kopo lianze kupanda na mshipi uondoke kwa mwendo mmoja usiokatika. Utoe kopo, shika mshipi kwa kitambaa, acha vidole vihisi uzito, kisha vuta mara moja kwa nguvu ukipeleka mkono nyuma ya bega. Mvuto mmoja. Kujazia mara ya pili na ya tatu kunapanua tundu kwenye mdomo wake.

Usizungushe mshipi mkononi hata samaki awe mdogo. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nailoni ikanikata vidole viwili mpaka nyama. Mshike, akivuta sana mlegezee, akichoka mvute.

Kambare wengi hupotea mita mbili za mwisho. Akihisi tumbo linagusa tope, anageuka na kujizungusha. Wakati huo usimnyanyue kwa mshipi, na usiingie majini kumfuata. Endelea kurudi nyuma, mshipi umekaza, mteleze juu ya ukingo kama unavuta kuni. Ndiyo sababu unachagua mapema ukingo wenye mteremko laini, usio na ngazi ya udongo.

Akiwa juu, mpeleke mbali na maji kwanza. Mapezi ya kifuani yana miiba migumu yenye meno, anaifungua na kuikaza. Mfunike kitambaa, mshike nyuma ya miiba hiyo huku dole gumba na vidole vimebana pande mbili za kichwa. Mgonge kichwani mara moja kwa rungu fupi ili asiteseke. Ukimwacha hai kwenye nyasi atatambaa, na kwa sababu anavuta hewa atakuwa amefika majini wewe ukiwa bado unaweka chambo.

Maji yenyewe

Nasema haya kwa uzito kuliko yote yaliyotangulia. Mamba hulala kwenye maji yanayofika magotini, haonekani, na hujifunza ratiba ya anayekuja sehemu moja kila siku. Kaa hatua kumi nyuma. Usichote maji palepale unapovulia, usioshe samaki ukingoni, usimwage matumbo majini. Ukiwa na watoto, wakae nyuma yako. Kiboko hutoka jioni kwenda malishoni na ana njia yake, utaiona: mfereji mpana uliokanyagwa, wenye kinyesi kilichotawanywa pande zote. Usikae kwenye njia hiyo wala kati yake na maji. Waulize wenyeji wa Mtera au Migoli wanyama wako upande gani wiki hiyo. Wao wanajua, na hawafichi.

Hombolo na Mtera kote, usitembee majini miguu mitupu. Konokono wa majini hubeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Vaa buti, na ukiona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya, dawa ipo.

Ukipata perege badala yake

Mashudu huleta perege wengi, na si vibaya kuwa na mshipi wa pili. Tumia nailoni nyembamba, ndoano namba 14 au 16, na boya ulilokata kwenye ndala kuukuu, la ukubwa wa punje tatu za mahindi. Chambo ni ugali mgumu uliokandwa na unga wa ngano kidogo usimomonyoke. Kina kiwe nusu mita. Boya likizama kidogo tu, vuta. Ukiona chini kwenye mchanga visahani vya duara vimechimbwa, hayo ni makazi ya uzazi, na perege jike hubeba mayai mdomoni. Vua kwingine.

Nyumbani

Kambare hana magamba ila ana ute mwingi. Mpake jivu kavu au chumvi ya mawe, mkwaruze kwa kisu kuanzia mkiani, mwoshe kwa maji yenye ndimu. Toa matumbo, safisha damu iliyoganda kandokando ya uti wa mgongo.

Kisha rudi kwenye vifaa kabla hujalala. Suuza ndoano kwa maji ya bomba, hasa ukitoka Hombolo, zikaushe, zipake mafuta ya alizeti tone moja. Pitisha mita kumi za mwisho za mshipi kati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo mahali, kata hapo hapo, funga kitanzi kipya.